Mlima Wetu ni Terili: Jinsi ya Kuwasoma Wahakiki wa Alto's Adventure

Maneno haya yalisemwa Lubumbashi mbele ya vijana wanaojifunza kuandika kuhusu michezo ya video. Yameandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na maswali ya mwisho yamepunguzwa.

Mama na papa mlioacha shughuli za Jumamosi, mwalimu uliyetufungulia ukumbi, na ninyi wadogo zangu mliojibana kule nyuma karibu na soketi ya umeme: jambo kwenu wote.

Nimeombwa niseme namna mtu anavyohakiki mchezo wa video, nami nimechagua mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ubao. Naona mnacheka. Katika mji huu theluji tunayoijua ni ile inayoganda kwenye friza, tena siku umeme ukiwepo, na mlima wetu ni terili, lile rundo jeusi la masalio ya shaba chini ya bomba refu la moshi. Hata huo mlima umekuwa ukipungua, maana watu waligundua kwamba ndani ya masalio yale bado kuna kobalti. Sasa nani wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba atahukumu mchezo wa theluji?

Ni ninyi. Ningewaletea mchezo wa kandanda, kila mmoja angekuja na hukumu yake mfukoni, na hukumu hiyo ingetokana na timu anayoipenda au na yule binamu anayemfunga mabao kila Jumapili. Theluji haina binamu. Itabidi tutazame.

Halafu tusijidharau kupita kiasi. Kongo ina theluji. Kilele cha Margherita, kwenye Ruwenzori, kina mita 5,109, kiko mpakani kwetu na Uganda, na juu yake kuna barafu, ingawa inayeyuka na kupungua. Ila sijasikia mtu wa kule Beni aliyepanda na ubao.

Mchezo wenyewe unaitwa Alto's Adventure. Ulitoka Februari 2015 kwenye iPhone na iPad. Nyuma yake kuna studio ndogo ya Toronto, Kanada, inayoitwa Snowman, ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa programu ya kuwakumbusha watu kazi zao, yaani wale hawakuanza kama mabingwa wa michezo. Walishirikiana na Mwingereza mmoja, Harry Nesbitt, msanii anayejua pia kuandika programu. Hakuna kampuni kubwa iliyowatuma wala iliyowapangia siku ya kumaliza. Ndiyo maana tunauita mchezo huru, kama tunavyowaita huru wale wa Kiro'o Games kule Yaoundé, Kameruni, waliotoa mchezo wa Aurion mwaka 2016. Bajeti ikiwa ndogo, kasoro zinakuwa za wenyewe na uzuri unakuwa wa wenyewe.

Kwa ajili ya mama na papa, nieleze unavyochezwa. Alto ni mchungaji kijana. Lama wake wametoroka zizini na kukimbilia bondeni, naye anawafuata akiwa juu ya ubao. Mlima hauna mwisho. Wewe mchezaji una kidole kimoja tu: ukigusa kioo anaruka, ukishikilia kidole akiwa hewani anapinduka kinyumenyume. Unaruka mawe, unaruka korongo, unateleza juu ya kamba za bendera na mapaa ya nyumba za kijiji. Ukipita kambi alipolala mzee, mzee anaamka na hasira zake na kukufukuza. Mchana unaingia usiku, mvua inanyesha, radi inapiga, ukungu unashuka. Ukianguka, safari imekwisha, unaanza upya.

Kuna kitu kimoja ambacho nataka mkishike, kwa sababu wahakiki wengi walikitaja kama pambo na kuendelea na njia yao. Alto amevaa skafu. Ukipinduka na kutua vizuri, skafu inarefuka na kasi inaongezeka. Ukiunganisha kupinduka na kuteleza juu ya kamba, halafu kupinduka tena kabla ya kugusa theluji, kasi inapanda hadi unaweza kupita katikati ya jiwe na kulivunja, jiwe lilelile ambalo sekunde chache nyuma lingekuangusha. Kwa hiyo usalama katika mchezo huu unapatikana kwa kuthubutu. Anayeteleza kwa woga, bila kupinduka hata mara moja, anakwenda polepole, mzee anamfikia, korongo linamshinda. Huo ndio moyo wa mchezo, na umewekwa ndani ya kidole kimoja. Mhakiki asiyeliona hilo ameona picha tu.

Sasa, walisema nini? Kwa jumla waliusifu sana. Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki na kuzifanya namba moja kati ya 100, iliuweka kwenye fungu lake la juu. Walisifu rangi, mwanga unaobadilika, hali ya hewa, muziki. Lawama kubwa ilikuwa moja, na ilirudiwa: kwamba hakuna kipya ndani yake. Walisema michezo ya kukimbia bila mwisho ilikuwa imejaa tayari, na kwamba huu ulichukua mengi kutoka kwa Tiny Wings, ule wa ndege mdogo anayeteleza kwenye vilima, uliotengenezwa na Mjerumani Andreas Illiger mwaka 2011, na hasa kutoka kwa Ski Safari ya mwaka 2012, iliyotoka Australia, ambamo mtu anateremka mlima akikimbia maporomoko ya theluji.

Je, ni kweli? Ni kweli. Ukiuweka Ski Safari pembeni ya Alto's Adventure utaona undugu bila kuambiwa: mteremko unaotazamwa kutoka ubavuni, kidole kimoja, kupinduka hewani, malengo matatu matatu ya kutimiza ili upande daraja.

Lakini swali langu ni hili. Lawama hiyo inamsaidia nani? Mhakiki anayelipwa kucheza michezo mingi kila mwezi amechoka. Amekutana na mteremko ule mara nyingi, na kufanana kunamuumiza kama ujirani wa kelele. Mtengenezaji wa mchezo anahitaji kuisikia lawama hiyo, ili kesho asikopi tena. Lakini kijana wa Ruashi aliyepata telefone yake ya kwanza mwaka huu, ambaye hajawahi kuishika Ski Safari wala kuisikia, kwake mteremko huu ni wa kwanza. Ukimwambia si mpya, unamweleza historia yako wewe, si mchezo wake yeye.

Sisemi mhakiki anyamaze. Nasema aeleze alikotoka. Aseme: mimi nilicheza ule wa 2011 na ule wa 2012, kwa hiyo huu ulinifurahisha dakika za kwanza na kuniishia mapema. Hapo msomaji atajua namna ya kuipima hukumu, atajua kama anafanana naye au la. Wengi hawakufanya hivyo. Waliandika kana kwamba wasomaji wote duniani wana telefone moja na kumbukumbu moja.

Na tukizungumzia telefone, hapa ndipo kuna jambo ambalo ninyi mnaweza kuliandika vizuri kuliko wao.

Mchezo ule ulipotoka 2015 kwenye iPhone, ulikuwa wa kulipia. Unalipa mara moja, dola zisizofika mbili, basi. Ndani hapakuwa na mtu anayekusumbua ununue kitu kingine, na wahakiki walilisifu hilo sana, maana miaka ile michezo ya telefone ilikuwa imegeuka mitego ya kukamua watu. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2016, ukaja kwenye Android kupitia kampuni nyingine ya Kanada, Noodlecake. Kwenye Android ukawa wa bure, wenye matangazo na vitu vya kununua ndani.

Hebu nyosheni mikono. Nani ana iPhone humu? Naona mikono michache, na mmoja anajidai, hiyo ni ya dada yake. Android? Ukumbi mzima.

Basi sikilizeni. Sehemu kubwa ya maoni yaliyoujenga umaarufu wa mchezo huu iliandikwa kuhusu kitu ambacho karibu hakuna mtu humu ndani aliyekishika. Walisifu ukimya ambao haukukatwa na tangazo. Walisifu uaminifu wa kulipa mara moja. Sisi tunaupakua bure, tunaanguka kwenye jiwe, na badala ya theluji tunaona tangazo la mchezo mwingine kabisa, lenye rangi za kuumiza macho. Ramani ni ileile, muziki ni uleule, lakini jioni yako si ileile. Anayesoma uhakiki wa 2015 akiwa na Android mkononi anasoma barua ya mtu mwingine.

Siwalaumu watengenezaji kwa kufanya bure. Wengi hapa hatuna kadi ya benki ya kulipia dola mbili hata tukiwa nazo mfukoni, na bure ndiyo iliyoufikisha mchezo kwenye minibasi zetu. Tena una wema mmoja: mega, yaani data ya intaneti, zikiisha, mteremko unaendelea. Lakini bei ni sehemu ya mchezo. Mhakiki asiyetaja alilipa shilingapi, au kama alipewa bure na watengenezaji wenyewe, ameficha kipimo.

Nije kwenye malengo, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nina ugomvi na mchezo huu, na hapo wahakiki wengi walipita haraka mno.

Mchezo una malengo 180. Yamegawanywa katika madaraja 60, kila daraja matatu, na huwezi kupanda mpaka utimize yote matatu. Mwanzoni ni matamu: kamata lama kadhaa, pinduka mara moja, safiri umbali fulani. Ukipanda unafungua wahusika wapya, na kila mmoja ana mwili wake. Maya ni mwepesi, anapinduka haraka. Paz ni mzito, anapinduka taratibu kama anayegeuza gunia la unga, lakini uzito wake unamsaidia kushuka. Hapo mchezo unakuwa na watu ndani yake, na unaanza kumchagua mtu kulingana na kazi.

Halafu, kadiri unavyopanda, malengo yanageuka. Yanakutaka ufanye mambo ambayo yanategemea bahati. Mlima hauchorwi na mtu, unapangwa na programu upya kila unapoanza. Ukiambiwa uteleze kwenye mapaa kadhaa kwa mkupuo mmoja, inabidi kwanza programu ikuletee kijiji chenye mapaa yanayofuatana. Isipokuletea, unasubiri. Unaanguka kwa makusudi, unaanza upya, unasubiri tena. Kuna vazi la mabawa la kurukia, zuri sana, lakini ni la kununua kwa sarafu maelfu ndani ya mchezo, na malengo mengi ya juu yanalihitaji. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambapo unaokota sarafu tu. Mchezo uliokuwa unakulipa kwa kuthubutu unaanza kukulipa kwa kuvumilia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwangu la pili linalisaliti la kwanza.

Kwa nini wahakiki hawakuliona? Nadhani waliliona wachache, waliobaki. Wengine walikuwa na tarehe ya kutoa makala. Mgeni anayekula sahani moja ya bukari na sombe atawasifu wapishi kwa moyo wote, na hasemi uongo. Mwenye nyumba anayekula sombe ileile wiki nzima ndiye atakayekuambia chumvi ilivyo. Mchezo wa bila mwisho unahitaji mwenye nyumba. Kwa hiyo wadogo zangu, mkiandika, semeni mmefika daraja la ngapi. Mtu aliyefika la kumi na mtu aliyefika la hamsini wamecheza michezo miwili.

Jambo jingine walilolipenda wote: utulivu. Karibu kila aliyeuandika alisema unatuliza roho. Hapa nakubali nusu. Ukiteleza alfajiri ya mchezo, theluji ya waridi, kengele za lama, naam, mabega yanashuka. Lakini usiku ukiingia na ukungu, mawe yanafanana na theluji, mzee anakukaribia nyuma, huo si utulivu. Moyo unapiga. Na naona watengenezaji walijua wanachofanya: utulivu ule una thamani kwa sababu kuna hofu pembeni yake. Mhakiki aliyeandika kwamba mchezo huu ni wa kupumzika tu aliucheza mchana.

Watengenezaji wenyewe baadaye waliongeza namna ya pili ya kucheza, isiyo na alama wala sarafu. Ukianguka, unainuka na kuendelea. Humo ndimo utulivu mtupu ulipo, kwa anayeutaka. Na tazameni: maoni ya siku ya kutoka hayana habari zake, kwa sababu haikuwepo. Kitabu kikichapwa kimechapwa. Mchezo wa telefone unabadilishwa ukiwa umelala. Uhakiki usio na tarehe juu yake ni wa kutilia shaka.

Je, huu ni mchezo wa ubao wa theluji kweli? Wapo waliouliza, hasa wale wanaoteleza wenyewe. Kuteleza kwa kweli ni kazi ya makali ya ubao: unaegemea kisigino, unaegemea vidole, ubao unakata theluji na kukugeuza. Mchezo huo wa kweli ni kijana, aina yake ya kwanza iliuzwa Marekani miaka ya 1960 kama kitu cha watoto, na Olimpiki iliukubali Nagano mwaka 1998. Alto hana makali. Ana mteremko na hewa. Anayetaka uzito wa ubao atafute Shredders, mchezo huru mwingine, uliotoka 2022 kwenye kompyuta na Xbox. Huko wahakiki wengi walisifu namna ubao unavyokwenda, wakachoshwa na hadithi na utani wake. Yaani kinyume kabisa: Shredders una mwili bila sura, Alto ana sura na mwili mdogo. Sitaenda mbali na Shredders, kwa sababu mashine ya kuuchezea ni ghali na umeme wetu mnaujua.

Na umeme unanikumbusha betri. Wahakiki wa kule huwa wanaandika kwamba mchezo fulani unakula betri. Sisi tunaotoka mahali ambapo kobalti ya betri inachimbwa tuna haki ya kuiandika sentensi hiyo kwa wino mzito zaidi. Andikeni: nilianza na asilimia ngapi, nikamaliza na ngapi, na nyumbani umeme ulirudi saa ngapi. Mtu wa Toronto hawezi kukuandikia hilo.

Msiogope pia kuandika kuhusu sauti. Mchezo huu unapendeza zaidi kwa visikilizio masikioni, wengi walisema. Mimi nauchezea ndani ya basi la kwenda Kampemba, redio ya dereva ikiwa juu, konda akiita abiria. Muziki wote wa Alto unapotea. Kinachobaki ni mikono na macho, na nakwambieni, mchezo bado unasimama. Hiyo ni sifa ambayo sijaiona kwa mhakiki yeyote, kwa sababu hakuna aliyeupeleka kwenye basi la Kampemba.

Basi karatasi mnazo. Chezeni mpaka usiku wa mchezo uingie, zaidi ya mara moja, halafu andikeni ukurasa. Juu kabisa: telefone ya aina gani, ulilipa au bure, ulifika daraja gani, ulicheza nini kabla. Baada ya hapo tukaneni au sifuni.

Mama mmoja aliuliza kama amwachie mwanawe wa miaka minane. Nilimjibu kwamba mchezo hauna damu wala matusi, anayeanguka anaanguka kwenye theluji tu. Lakini kwenye toleo la bure aangalie mwenyewe matangazo yanayopita, na afunge njia ya kununua vitu kabla ya kumkabidhi telefone.

Kijana wa nyuma, karibu na soketi, akasimama: yaya (ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu), umesema sana, lakini wewe unaupa ngapi kati ya kumi?

Nikasema wa kulipia, nane. Mbili nimezikata kwa ajili ya yale madaraja ya juu ya kusubiri mapaa. Wa bure, sita, kwa sababu tangazo linaingia palepale ulipoanguka, wakati mkono bado unataka kujaribu tena. Akasema sita ni ukali, maana yeye huzima mega kabla ya kucheza na hajawahi kuona tangazo hata moja. Binti aliyekaa mbele yake akageuka akamwambia kwamba basi yeye anahakiki toleo la tatu, na nusu ya ukumbi ikamuunga mkono, nusu ikampinga, mpaka mwalimu akaja kudai funguo zake.